Virusi Vimefubaa, Kisonono Je?

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 uliikuta Nyanda za Juu Kusini palepale ilipoachwa na tafiti zilizotangulia. Njombe, asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Iringa ni 11.1, Mbeya 9.6. Wastani wa Tanzania ni 4.4. Kila Desemba 1 namba hizi husomwa majukwaani kama hati ya mashtaka dhidi ya mikoa hiyo mitatu, na kuna upande wake mwingine usiosemwa sana. Tangu mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo uanze mwaka 2004, watu hawafi kama zamani, na asiyekufa huendelea kuhesabiwa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba nchini kote asilimia 82.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU wanaijua hali yao, kati ya hao 97.9 wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa 94.3 virusi vyao vimefubaa.

Haya ni mafanikio ya kweli. Mtu ambaye miaka ya tisini angezikwa ndani ya miezi michache, leo analima, anaoa au anaolewa, anazaa, anasomesha. Analala na mwenza wake. Wengine wana wenza zaidi ya mmoja, kama ilivyo kwa wasio na VVU. Hapo ndipo penye pengo. Huduma iliyomwokoa imejengwa kuhesabu aina moja ya virusi mwilini mwake, na haijajipanga vya kutosha kwa magonjwa mengine yanayopita njia ileile. Vidonge vinavyofubaza VVU havizuii kisonono. Havizuii kaswende, klamidia, trikomonasi, malengelenge ya sehemu za siri wala masundosundo.

Chukua Idodi. Ni tarafa ya Wilaya ya Iringa, kwenye barabara inayotoka Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukishuka huko unaiacha baridi ya mjini nyuma yako na kuingia kwenye joto la mashamba ya mpunga: Idodi yenyewe, Mapogoro, Tungamalenga, Makifu, Mahuninga. Wahehe ndio wenyeji, lakini wamo pia Wabena, Wasangu, Wagogo, na wafugaji wa Kimasai, Kibarbaig na Kisukuma waliofuata maji na malisho. Magari ya watalii hupita kwenda hifadhini, na kambi za wageni zimeajiri vijana wa kiume na wa kike. Mpunga ukivunwa, vibarua huja, wanunuzi wa mchele huja na malori, na pesa ambayo haikuwepo miezi minane huonekana kwa wiki chache. Baa na vilabu vya pombe hujaa. Hakuna jambo la ajabu hapo. Kila mahali penye mavuno na barabara pako hivyo. Lakini ni mahali ambapo mtu anaweza kuwa anameza dawa zake kila usiku bila kukosa, na bado akaambukizwa kisonono mwezi wa sita.

Kipo kituo cha afya hapo Idodi. Kinachozidi uwezo wake hupelekwa Hospitali ya Tosamaganga au hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Iringa, na safari hiyo ina nauli yake na siku nzima ya kazi iliyopotea. Ninayoyaeleza hapa, kwa hiyo, ni lazima yawe yanawezekana katika kituo cha afya cha kijijini. Yanayohitaji mji hayatamfikia mkulima wa Mahuninga.

Ili kuelewa kwa nini magonjwa ya ngono yamesahaulika ndani ya huduma ya VVU, lazima turudi Mwanza. Kati ya 1991 na 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na wataalamu wa London walifanya jaribio katika jamii 12 za vijijini. Katika nusu ya jamii hizo, watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa hazikatiki, na usimamizi ukafanyika kweli. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii hizo na 1.9 katika jamii nyingine. Heiner Grosskurth na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 1995, na dunia nzima ikaitazama Tanzania. Zahanati za kawaida, watumishi wa kawaida, dawa za bei nafuu, na VVU vinapungua kwa karibu asilimia 40.

Kuanzia hapo ugonjwa wa ngono ukawa na jina jipya katika semina na mabango: mlango wa VVU. Tibu kidonda, umefunga mlango. Hoja hiyo ilileta fedha, mafunzo na dawa, na ilikuwa ya kweli kwa wakati wake. Kasoro yake ni kwamba ilimfundisha kila mtu kuuthamini ugonjwa wa ngono kwa sababu ya ugonjwa mwingine.

Kisha zikaja habari zenye utata. Rakai, Uganda, jaribio lililoongozwa na Maria Wawer lilitoa dawa kwa watu wote wa jamii zilizochaguliwa, mara moja kila baada ya miezi kumi, wawe na dalili au wasiwe nazo. Matokeo ya 1999 yalionyesha kwamba maambukizi ya VVU hayakupungua. Baadaye aciklovira, dawa ya malengelenge, ilijaribiwa kwa wanawake wanaofanya kazi katika baa na nyumba za wageni kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Nayo haikupunguza maambukizi ya VVU. Jaribio jingine kubwa la wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, Kenya na Uganda zikiwemo, lilitoa majibu hayohayo mwaka 2010. Hamasa ikapoa.

Lakini kuna sehemu ya habari ya Rakai ambayo haikupigiwa ngoma. Wajawazito waliopewa dawa zile walizaa watoto wenye uzito bora zaidi, na vifo vya watoto wachanga vilipungua. VVU havikuguswa, ila watoto walipona. Kwa macho ya waliokuwa wakisubiri jambo moja tu, jaribio lilishindwa. Kwa macho ya mama wa Rakai lilifaulu. Naona kosa letu lote limo katika tofauti ya mitazamo hiyo miwili.

Halafu dawa zenyewe za VVU zikageuka kuwa kinga. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052 ulionyesha kwamba mwenza anayeanza dawa mapema hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzake kwa asilimia 96. Tafiti za PARTNER za Ulaya, zilizotoa matokeo 2016 na 2019, zikaenda mbali zaidi: katika makumi ya maelfu ya matendo ya ngono bila kondomu, hakuna mwenza hata mmoja aliyeambukizwa na mtu ambaye virusi vyake vimefubaa. Tanzania ikaanza kumpa dawa kila anayekutwa na VVU mwaka 2016, bila kusubiri kinga ya mwili ishuke. Kwa wanaoishi na VVU huu ulikuwa ukombozi, na mtu yeyote asiupunguze: aliyefubaza virusi haambukizi VVU kwa ngono. Hata akiwa na ugonjwa mwingine wa ngono, tafiti hizo hazikuona maambukizi.

Sasa tazama kilichotokea kwa hoja ya mlango. Kama mtu aliyefubaza virusi hamwambukizi mwenzake hata akiwa na kisonono, basi kisonono chake hakina tena maana kwa programu ya VVU. Hakuna aliyetangaza hivyo wazi. Ni jinsi mfumo unavyofanya kazi: kinachoulizwa ni kile kilichomo kwenye taarifa ya mwezi, na kilichomo kwenye taarifa ni wingi wa virusi. Katika utafiti wa pili wa PARTNER, ambao ulihusu wanaume wanaofanya ngono na wanaume, karibu robo ya wenza wasio na VVU walipata ugonjwa mwingine wa ngono katika kipindi cha ufuatiliaji. Hakuna aliyepata VVU kutoka kwa mwenza wake. Namba hizo mbili zilikaa katika ripoti moja, na dunia ilikumbuka moja.

Basi tuyatazame magonjwa yenyewe, kwa madhara yake kwa anayeyabeba.

Kaswende ndiyo ya zamani na ndiyo inayouma zaidi kuifikiria, kwa sababu dawa yake ni sindano ya penisilini ambayo imekuwepo tangu enzi za babu zetu. Huko huko Mwanza, utafiti wa wajawazito ulionyesha kwamba kati ya wanawake wenye kaswende kali isiyotibiwa, robo walijifungua watoto waliokwisha kufa. Waliotibiwa kwa dozi moja ya benzathini penisilini walizaa kama wanawake wasio na ugonjwa. Ni vigumu kupata tiba nyingine yenye kishindo kama hicho kwa bei hiyo. Kliniki za wajawazito leo hutumia kipimo cha haraka cha VVU na kaswende kwa pamoja, tone moja la damu kutoka kidoleni. Kwa mwanamke anayeishi na VVU, hata hivyo, kliniki ya wajawazito ni mlango wa miezi tisa. Kabla na baada ya hapo anabaki mteja wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya wanaoishi na VVU, na pale kipimo cha kaswende hakifanywi kwa ukawaida uleule. Mwanamume wake hana kliniki ya wajawazito kabisa. Na kwa mtu mwenye VVU kaswende inaweza kuwahi kugusa ubongo, macho na masikio.

Kipo kikwazo kingine kuhusu kaswende ambacho watumishi wa vijijini wanakijua vizuri. Kipimo cha haraka husoma alama ambayo damu hubaki nayo maisha yote. Aliyetibiwa miaka kumi iliyopita ataonekana ana kaswende leo, kesho na keshokutwa. Kujua kama ameambukizwa upya kunahitaji kipimo cha pili kinachopima nguvu ya ugonjwa, na mtu wa kukisoma. Bila hicho, tabibu ana njia mbili, zote mbovu kidogo: kumchoma sindano tena kila mara, au kumwambia ni alama ya zamani na kumwacha. Mimi ningechagua sindano.

Trikomonasi haitajwi kwenye mabango, wala haina jina la kutisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya ngono yanayotibika, na kati ya hayo trikomonasi ilikuwa milioni 156, zaidi ya ugonjwa mwingine wowote kati ya hayo manne. Mwanamke mwenye VVU akipewa dozi moja kubwa ya metronidazo, kama ilivyozoeleka kwa miaka mingi, ugonjwa unaweza kubaki. Dozi ya siku saba inamtibu vizuri zaidi. Tofauti hiyo ya siku ni jambo dogo kwenye karatasi na kubwa kwa mwanamke anayerudi kituoni kwa mara ya tatu akiwa na muwasho uleule, akiambiwa labda mumewe ndiye anayemrudishia.

Malengelenge hayaponi. Kirusi chake hukaa mwilini maisha yote, na kinga ikishuka vidonda huwa vikubwa na vya muda mrefu. Dawa za VVU humpa nafuu mgonjwa, ingawa wiki za mwanzo za tiba vidonda vinaweza kuchachamaa kwa sababu mwili umeanza kupigana upya. Ambaye hakuambiwa hilo mapema anaweza kuamini kuwa dawa ndiyo iliyomletea vidonda, akaiacha.

Homa ya ini aina ya B ina habari ya pekee. Huambukizwa kwa ngono na kwa damu, na dawa mbili kati ya tatu zilizomo kwenye kidonge cha sasa cha VVU, tenofovira na lamivudini, huidhibiti pia. Mtu anaweza kuwa anatibiwa homa ya ini bila yeye wala kituo chake kujua. Anapoacha dawa, kwa kukata tamaa, kwa safari ndefu ya kazi, au kwa kuaminishwa kwamba ameombewa na amepona, kirusi cha ini kinaweza kuamka kwa kishindo na ini likaharibika. Chanjo ya watoto wachanga iliingia nchini mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, yaani wengi wa wanaohudhuria CTC leo, hawakuipata. Kuwapima mara moja tu na kuandika jibu kwenye faili kungetosha kumjua nani asithubutu kuacha vidonge.

Nimeiacha ya mwisho kwa makusudi saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu ndiyo inayoua. Inatokana na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono, na Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke anayeishi na VVU yuko katika hatari mara sita ya kuipata kuliko asiye na VVU. Nchini Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Haiji ghafla. Inachukua miaka mingi kutoka maambukizi hadi uvimbe, na katika miaka hiyo mabadiliko ya seli huonekana kwa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kwa taa. Panapogeuka weupe hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kwa joto. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kufanya hivyo katika kituo cha afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wanawake wenye VVU waanze uchunguzi wakiwa na miaka 25, kisha warudie kila baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Fikiria basi mwanamke wa Idodi aliyeanza dawa miaka kumi na tano iliyopita. Amefika kliniki mara nyingi mno. Ametolewa damu, amepimwa uzito, amehesabiwa vidonge. Mwanamke huyu asipopandishwa kitandani hata mara moja kuangaliwa mlango wa kizazi, tutakuwa tumemwokoa na ugonjwa mmoja ili tumzike kwa mwingine tuliokuwa na miaka kumi na tano ya kuuona. Anapoanza kutokwa na damu, safari inakuwa ya Mbeya au ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, na hapo nyumba nzima inauza mpunga na ng'ombe. Wasichana wetu wana bahati zaidi: chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja. Mama zao hawana chanjo. Wana siki na taa, kama zipo na kama kuna wa kuzitumia.

Sasa turudi kwenye tiba ya kisonono na wenzake, maana hapa mfumo una ufa wa zamani. Tiba ya kufuata dalili, ileile iliyong'aa Mwanza, humwuliza mgonjwa anaona nini: usaha, kidonda, maumivu ya chini ya kitovu, ute. Kwa mwanamume mwenye usaha inafanya kazi, kwa sababu usaha haufichiki. Kwa mwanamke haifanyi kazi vizuri, na inakosea kwa pande zote mbili. Wengi wenye klamidia, na wengi wenye kisonono, hawana dalili yoyote. Hawaji, hawatibiwi, na mirija yao ya uzazi inaziba taratibu. Upande wa pili, ute usio wa kawaida mara nyingi hutokana na fangasi au na kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa ukeni, si na ugonjwa wa kuambukizwa kwa ngono. Mwanamke mwaminifu mwenye fangasi anaweza kupewa dawa za kisonono na karatasi ya kumwita mumewe. Jioni hiyo nyumbani hakuna anayekula. Watunga miongozo wanahesabu dawa zilizotolewa bure bila sababu. Hawahesabu ndoa iliyotikiswa na karatasi.

Kisonono chenyewe kimebadilika. Vidonge vya sipro vilivyokuwa vikimaliza kazi zamani vimechoka, na leo tegemeo ni sindano ya seftriaksoni. Wanaume wengi bado huanzia duka la dawa, hununua vidonge viwili vitatu vya kile muuzaji anachokijua, usaha unakauka kwa siku chache, wanaendelea. Wengine huanza na mizizi. Siwalaumu sana. Duka liko wazi jioni, halina faili lenye jina lako, na halikuulizi ulilala na nani.

Na kwa mteja wa CTC kuna uzito ulio juu ya huo wote. Akisema ana usaha, amekiri mengi kwa sentensi moja: kwamba hakutumia kondomu, kwamba huenda ana mtu mwingine, na kwamba mafundisho yote ya ushauri nasaha aliyopewa tangu siku ya kwanza ameyapuuza. Anayemsikiliza ni muuguzi anayemjua kwa miaka mingi, anayejua mkewe, na mara nyingi anayesali naye. Nimesikia mara nyingi, kutoka pande zote za meza, neno lile: "Na wewe bado?" Mteja akiambiwa hivyo mara moja hatasema tena. Atabaki mteja mzuri, virusi vimefubaa, mahudhurio kamili, na ugonjwa wake ataupeleka dukani. Kwa maoni yangu kauli hiyo imeficha magonjwa mengi kuliko upungufu wa vipimo. Mtu mwenye VVU anayefanya ngono hajavunja ahadi yoyote aliyowahi kutoa. Anaishi, na ndivyo tulivyotaka tulipompa dawa.

Mpangilio mpya wa dawa umeongeza ugumu bila kukusudia. Mteja ambaye virusi vyake vimefubaa hupewa dawa za miezi mitatu, na wengi za miezi sita. Ni jambo jema sana kwa mkulima na mfugaji. Nauli imepungua, foleni imepungua, watu hawamwoni kliniki kila mwezi. Lakini mwenye dawa za miezi sita anaonana na mtaalamu mara mbili kwa mwaka. Kisonono hakisubiri miezi sita. Zile dakika chache za mara mbili kwa mwaka zimekuwa na thamani kubwa kuliko zamani, na zinatumika kuhesabu vidonge.

Kifua kikuu kinatuonyesha njia. Kila mteja wa CTC, kila anapofika, huulizwa maswali yaleyale: unakohoa, una homa, unatokwa jasho usiku, umepungua uzito? Huulizwa hata kama amenenepa na anacheka. Hakuna anayekasirika kuulizwa, kwa sababu kila mtu anaulizwa. Dalili za magonjwa ya ngono zinaweza kuulizwa kwa ukawaida uleule, kwa sauti ileile, na jibu likaandikwa kwenye safu yake. Swali linaloulizwa kwa wote halimtuhumu mtu.

Kwamba uangalizi wa mara kwa mara unaleta matunda, hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Mbeya, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliandikisha wanawake 600 wanaofanya kazi katika baa na nyumba za wageni za barabara kuu na miji ya mkoa huo. Zaidi ya theluthi mbili walikuwa na VVU. Karibu tisa kati ya kumi walikuwa na virusi vya malengelenge. Walionwa kila baada ya miezi mitatu, wakapimwa, wakatibiwa, wakazungumza na mtu asiyewadharau. Kisonono kilishuka kutoka asilimia 22 hadi karibu 7, trikomonasi kutoka karibu 24 hadi 5. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika kwa wananchi wa kawaida wakati kazi hiyo ilipoanza. Iringa nayo ilikuwa na Shikamana, mradi uliofanyika Ilula na kulinganishwa na Mafinga, ambapo wanawake wanaouza ngono walijiunga pamoja, wakapata mahali pao pa kukutania, na watumishi wa afya wakafundishwa kuwapokea bila kuwasimanga. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua Ilula kuliko Mafinga. Ilula na Mafinga ziko kwenye barabara kuu ya Tanzam. Idodi iko kwenye barabara ya watalii na mchele, na watu wake hawana tofauti.

Kisumu, Kenya, kwa upande wake, inatupa tahadhari. Marekani ilionekana kwamba kumeza doksisaikilini baada ya ngono hupunguza kaswende na klamidia kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume, wakiwemo wenye VVU. Kisumu wasichana na wanawake vijana 449 walijaribu njia hiyohiyo, na matokeo ya 2023 yalionyesha haikuwasaidia. Nywele zao zilipopimwa ilidhihirika kwamba wengi hawakuwa wakizimeza. Kidonge ambacho mtu anakificha asikione mwenza wake hakimkingi. Wanaotazamia kwamba dawa mpya itatuondolea kazi ya kuzungumza na watu wangoje kwanza majibu ya kina mama wa Afrika.

Mwenza ndiye sehemu ngumu kuliko zote, na sina suluhisho safi. Kumtibu mtu mmoja katika wawili ni kumrudisha kwenye ugonjwa wiki ijayo. Karatasi ya mwaliko hubaki kwenye pochi. Mwanamke anayeogopa kipigo ana haki ya kuogopa, na asilazimishwe. Kumpa dawa za mwenza wake aende nazo nyumbani kumekubalika katika nchi kadhaa, lakini seftriaksoni ni sindano, haibebeki. Kilichobaki ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na wanachama wa konga, watu wanaoishi na VVU wenyewe, ambao wanaweza kumpata mwanamume shambani au kwenye mashine ya kukoboa bila kumtaja aliyewatuma. Wengi wao hulipwa posho ndogo, tena ya mradi. Januari 2025, Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake, wahudumu wa namna hiyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani, wakati vidonge vya VVU vilitafutiwa njia haraka, na ilikuwa haki vitafutiwe.

Fedha inaeleza mengi hapa. Dawa za kufubaza virusi ni bure kwa mteja. Dawa ya kisonono mara nyingi anailipia mfukoni, ama kituoni ama dukani. Mtu mmoja, mwili mmoja, jengo moja. Ugonjwa mmoja una mfadhili na mwingine hauna. Serikali inapopanga jinsi ya kubeba yenyewe gharama za VVU, kama inavyolazimika sasa, ina nafasi ya kupanga upya mpaka huo uliochorwa na wafadhili. Jina la programu ya taifa tayari limeunganisha UKIMWI, magonjwa ya ngono na homa ya ini. Bajeti na faili vifuate jina.

Sehemu kubwa ya vifaa ipo. Mteja hutolewa damu ya kupima wingi wa virusi walau mara moja kwa mwaka. Damu hiyohiyo, sindano hiyohiyo, inatosha kupima kaswende, na kwa mara ya kwanza homa ya ini B. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu na wingi wa virusi katika hospitali zetu zinaweza kupima kisonono, klamidia na HPV zikipewa katriji zake, na sampuli ya HPV mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe, bila kupanda kitanda, bila kuangaliwa na mtu. Katriji ni ghali. Kwa hiyo tuanze na vya bei nafuu, kwa mpangilio huu: maswali, ambayo hayana gharama, kaswende, ambayo tiba yake ni sindano moja, siki na taa kwa kila mwanamke wa CTC aliyefika miaka 25, kisha katriji kwa wajawazito wenye VVU. Kituo cha afya cha Idodi kinaweza kuanza na mawili ya kwanza kwenye kliniki ijayo, na kwa la tatu kinahitaji muuguzi mmoja aliyefundishwa na ambaye hatahamishwa mwaka unaofuata.